Toka nje kabla giza halijaingia: muhula wa baridi Norwei kwa aliyetoka Tanga

Chupa ya mafuta ya nazi aliyonifungia mama ndiyo iliyonitangazia kuwa nimefika ugenini. Nyumbani Tanga mafuta hushikana kidogo asubuhi za kipupwe, jua likipanda yanarudi maji. Yale yangu yaliganda katikati ya Oktoba pale dirishani bwenini, meupe kama mshumaa, na hayakuyeyuka tena mpaka Mei. Wiki nzima nikawa nayatazama nikidhani yameharibika, huku ngozi ya magoti inapasuka kama tope la bwawa lililokauka, hadi mwenzangu wa chumba alipochukua kijiko akajaribu kunichotea. Kijiko hakikupita kwenye shingo ya chupa. Basi kabla hujaniuliza habari ya koti: beba mafuta yako, na uyatie kwenye kopo la mdomo mpana.

Nimesoma miaka miwili Flekke, kijiji cha magharibi mwa Norwei, nikamaliza Mei 2025. Shule ni UWC Red Cross Nordic, moja ya shule za mtandao wa kimataifa wa UWC (United World Colleges). Ilifunguliwa 1995, ina wanafunzi kama 200, na nyumba tano za kulala zenye majina ya nchi tano za Nordiki. Ni ndugu ya ile UWC East Africa ya Moshi na Arusha, ila Moshi theluji unaitazama kwa mbali juu ya mlima, na Flekke inakufuata mlangoni. Kufika kwake unatoka Bergen kwa gari, unavuka Sognefjord kwa kivuko (mtu wa Pangani atajiona yuko kwao, mpaka upepo umpige), kisha barabara inapinda kando ya maji mpaka unachoka kuhesabu kona.

Kila mwaka majina ya waliochaguliwa yakishatoka kuna mdogo wangu mmoja ananitafuta, wa Dar, wa Mombasa, mara moja wa Bukavu, na swali ni lile lile: dada, baridi ikoje? Baridi utaizoea. Pale pwani haiwi hata kali sana, maana bahari inapasha ardhi joto, na nyuzi joto zinachezea sifuri: leo theluji, kesho mvua, keshokutwa barafu. Kinachoangusha watu ni giza, na msaidizi wake mkuu ambaye ni kitanda.

Tazama hesabu. Tarehe 21 Desemba, mjini Bergen, jua linachomoza saa nne kasorobo asubuhi na kuzama saa tisa na nusu alasiri. Flekke iko kaskazini zaidi kidogo, tena imebanwa na milima, kwa hiyo jua lenyewe linaweza kuwa limetoka na wewe usilione, ukaona tu anga imepauka. Unaingia darasani usiku. Unatoka kula, kuna mwanga. Ukizubaa, usiku tena.

Mimi nilizubaa. Januari ya kwanza nilikuwa nikila chakula cha mchana narudi chumbani "kunyoosha mgongo", naamka giza limetanda, wenzangu wamekwisha kula cha jioni. Usiku sasa macho makavu, asubuhi nasinzia kwenye hesabu. Wiki ya tatu mama alipiga simu, akaniuliza umekula nini, nikaangua kilio. Swali lenyewe halikuwa na ubaya wowote. Muuguzi niliyekwenda kumwona hakunipa dawa ya ajabu. Aliniambia mambo mawili: nitoke nje kila siku mwanga ukiwepo, hata kama mawingu yamejaa, na ninywe tran.

Tran ni mafuta ya ini la samaki wanayemwita torsk. Kamusi zitakwambia huyo ni chewa, lakini chewa wa soko la Deep Sea kwetu Tanga na huyu hawajawahi kukutana. Wanorwei wana kanuni yao: kunywa kila mwezi wenye herufi r, na kwa Kinorwei hiyo ni Septemba mpaka Aprili bila kuruka hata mmoja. Ina vitamini D, ambayo mwili huitengeneza kwa jua, na ngozi zetu nyeusi zinahitaji jua zaidi kuitengeneza. Kijiko kimoja asubuhi, shika pua, fuatishia maji ya machungwa. Usitie kwenye chai. Nilijaribu, kikombe kilinuka mpaka nikakitupa.

Lile la kutoka nje ndilo gumu, na hapo ndipo penye ushauri wangu mkubwa. Wiki ya kuandikisha shughuli za alasiri ikifika, usichague kwa kufuata marafiki wala kwa jina tamu. Chagua zitakazokutoa nje kati ya chakula cha mchana na giza, angalau siku tatu kwa wiki, na kila moja iwe na mtu anayekusubiri. Kukimbia peke yako hutakimbia. Nakuapia. Siku ya kwanza utakimbia, ya pili mvua itanyesha, ya tatu utakuwa umelala. Mtu akiwa amesimama nje ya mlango wako na kofia kichwani, utavaa viatu huku unamlaani, na utatoka.

Mimi aliyekuwa ananisubiri alikuwa mbwa. Mwalimu mmoja alitaka mtu wa kumtembeza siku za Jumanne na Alhamisi, na hakuna mwingine aliyenyoosha mkono. Mtoto wa Kiislamu wa Chumbageni, kamba ndefu mkononi, glavu mbili, namwambia mbwa kwa Kiswahili asinikaribie. Mama hajui mpaka leo. Lakini mbwa hasikilizi visingizio. Ikifika saa nane u nusu anakaa mlangoni anatazama kitasa. Kwa ajili yake nilijua kila mti wa njia ile, nilijua barafu inaanza kona gani, na baada ya mwezi usingizi wangu ulirudi mahali pake. Siku nyingine nilikuwa kwenye kituo cha urekebishaji afya cha Haugland, jirani na shule, ambako watu wanajifunza upya kutembea baada ya ugonjwa au ajali. Kumshika mtu mkono kwenye njia iliyomwagiwa kokoto, wote wawili mnaogopa kuteleza, ni mazoezi na mazungumzo kwa pamoja. Na vyote hivi vinaingia kwenye CAS, yaani shughuli za ubunifu, mazoezi na kujitolea, ambayo bila hiyo diploma ya IB, ile ya kimataifa tunayosomea pale, huipati. Hupotezi muda.

Sasa nguo, maana najua unasubiri. Wanorwei wanasema hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya. Msemo unaudhi ukiusikia umelowa, lakini wana haki. Tabaka la kugusa ngozi liwe sufu, juu yake sweta, juu kabisa kitu kisichopitisha mvua wala upepo. Pamba acha. Fulana ya pamba ikilowa jasho inabaki imelowa, na ukisimama tu inakugandisha. Seti mbili za sufu za ndani zinatosha, unafua moja unavaa moja.

Koti nunua nyumbani, mitumba. Nenda Karume pale Dar, utakuta makoti mazito ambayo hakuna anayeyataka isipokuwa bodaboda wa alfajiri, na bei ni ya kutupa. Mengi yalitoka huko huko Ulaya. La kwangu lilikuwa na kibandiko cha duka kwa Kinorwei ndani ya mfuko, basi nikalirudisha kwao. Viatu usinunue mitumba. Buti ya mtu mwingine imekwisha kupinda kwa mguu wake, na soli ya zamani ikikutana na barafu inakuwa sabuni. Subiri ufike, ulizia stoo ya vifaa vya kuazima, na chukua namba moja zaidi ya yako ili soksi nene iingie bila kubana. Vidole vikibanwa damu haipiti, na hapo hata soksi kumi hazikusaidii.

Vitu viwili ambavyo hakuna aliyeniambia. Kimoja ni brodder: mipira yenye meno ya chuma unayovuta juu ya kiatu, kama umevaa njumu za mpira. Mvua ikinyesha juu ya theluji halafu usiku pakaganda, barabara inakuwa kioo, na wazee wa pale wenyewe hawatoki bila hizo. Nilianguka mara nne kabla sijanunua, mara ya nne na sahani ya keki mkononi. Kingine ni reflekta, ile ya kung'aa kama ya trafiki. Ning'iniza kwenye koti pande zote mbili. Barabara ya kijijini haina taa, na wewe na usiku mna rangi moja.

Februari inakuja skii. Ondoa picha ya kwenye televisheni ya watu wanaoshuka mlima kama mshale. Skii za Wanorwei wengi ni za kutembelea. Ni nyembamba, ndefu kukupita kimo, na kiatu kimeshikwa kwenye ncha ya dole tu, kisigino kinapanda na kushuka. Mashine imechonga mifereji miwili kwenye theluji kama reli, unaweka skii humo, unasukuma. Kwenye tambarare utaona ni jambo rahisi. Kisha njia inainama kidogo tu, mwinamo ambao kwa miguu usingeuona, na wewe unaondoka bila kuulizwa.

Jifunze kuanguka kwanza. Ukiona mambo yameharibika, kaa kitako na ulalie ubavu. Usikaze miguu, wala usinyooshe mikono mbele kama unadaka mpira. Kuinuka kuna utaratibu wake, na ukiukosa utagaagaa robo saa nzima kama nilivyogaagaa mimi, mtoto wa miaka mitatu hivi ananipita na kunisalimia. Lala chali, inua miguu juu kama kobe aliyepinduliwa, ili skii zijifumue. Zigeuze zote upande mmoja, uziteremshe upande wa bondeni, zilale kukingama mteremko. Hilo la kukingama ndilo siri yote: zikielekea bonde, kila ukisimama zinaondoka bila wewe. Kisha piga magoti juu ya skii zenyewe, weka mkono kwenye paja, simama.

Kupanda mlima wanaita fiskebein, mfupa wa samaki. Unapanua ncha za mbele, visigino vinakaribiana, unakanyaga kwa makali ya ndani. Nilipofika juu nikageuka kutazama nyuma, na kweli, alama zilizobaki kwenye theluji zilikuwa mgongo wa nguru baada ya watu kumaliza kula. Hapo ndipo nilipoacha kuichukia skii. Kushuka ni kinyume: ncha za mbele zikaribiane, visigino vipanuke, ukandamize, na usitazame skii, tazama unakokwenda.

Mfukoni weka chungwa na Kvikk Lunsj, chokoleti ambayo Wanorwei wamekuwa wakiipeleka milimani tangu 1937. Chungwa usiache nje ya koti. Mimi ninayetoka mkoa wenye Muheza nilidhani nayajua machungwa yote, kumbe sijawahi kula la barafu, unalivunja badala ya kulimenya.

Na mkipanda mlimani kwenye theluji, sikiliza anayeongoza. Wana kanuni tisa za milimani, tangu 1952, zilizotolewa na Msalaba Mwekundu pamoja na chama cha watembea milima, na watoto wanazijua kama sisi tunavyojua nyimbo za mchakamchaka. Moja yake inasema geuka mapema, kugeuka si aibu. Tuligeuka siku moja tukiwa tunaiona nyumba ya kulala kwa macho, ng'ambo ya bonde. Nilinuna. Nusu saa baadaye ukungu ulishuka, sikuweza kuona ncha za skii zangu mwenyewe, nikaacha kununa.

Jikoni. Chakula cha ukumbini utakizoea upesi: mkate mzito, mabonge ya samaki ya mviringo kwenye mchuzi mweupe, na jibini ya kahawia inayokatwa nyembamba kama karatasi, tamu kama kashata iliyotiwa chumvi. Wapo wanaoichukia miaka miwili yote. Ila Jumamosi yenye uji wa mchele wa maziwa, sukari na mdalasini juu, nyamaza kimya ufumbe macho, utakuwa nyumbani kwa dakika kumi.

Ukitaka kupendwa muhula wa baridi, pika maandazi. Usihangaike kubeba iliki kutoka Tanga: Wanorwei wanatia iliki kwenye mikate yao midogo ya boller, na duka la kijijini wanauza ya kusaga. Tui la kopo nalo lipo. Jioni ya Afrika mwaka wa pili tulikanda kilo kumi za unga, mimi, Mkenya mmoja na binti wa Goma, na tukagombana nusu saa kama ni maandazi, mahamri au mikate. Hamira ndiyo ilitushinda. Tuliuweka unga juu ya meza kama nyumbani, ukalala pale masaa mawili bila kuumuka hata kidole. Tukauhamishia chumba cha kukaushia nguo, kati ya soksi za watu, kwenye joto. Uliumuka mpaka ukamwagika. Vyumba hivyo vipo karibu kila nyumba, vyote vina joto, na nakwambia ndivyo majiko yako ya pili. Funika tu unga vizuri.

Asubuhi yake tulisafisha jiko, na hapo nikajifunza neno dugnad. Siku inatangazwa, kila mtu anatoka na ufagio au koleo: kuondoa theluji, kupanga kuni, kusugua sakafu, kisha watu wanakula pamoja. Kwetu Tanga huo ni msaragambo tu. Usiukwepe. Mgeni aliyeshika koleo anakumbukwa jina na watu wa kijijini kuliko aliyehutubia jukwaani.

Kwa wanaoswali: Desemba, adhuhuri, alasiri na magharibi zinafuatana kama mabehewa ya treni. Adhuhuri inaingia saa saba kasoro, alasiri haijatimiza saa moja imefika, na saa tisa na nusu jua limezama. Ratiba ya simu iwekee mji sahihi, maana yangu ilibaki Dar es Salaam siku mbili nzima, na nikawa naswali kwa jua la watu wengine. Ramadhani zangu zote mbili zilianza Machi, na Machi ni rehema: mwanzoni mchana ni mfupi kidogo kuliko wetu, tarehe 20 hivi unalingana na wa Tanga, kisha unaanza kukupita kila siku kwa dakika kadhaa. Daku nilikuwa nafunga kwenye kopo jioni, naweka kizingitini kwa nje. Friji ya bure. Ila andika jina lako, na kopo liwe na kifuniko kigumu, kunguru wa kule hawana adabu.

Masomo sitakaa nayo sana, kila mtu na mateso yake. Mwaka wa pili, Januari mpaka Machi ndipo kazi zote za kukusanya zinapokomaa kwa wakati mmoja, na insha ndefu ya maneno 4,000 usikubali ivuke Krismasi. Lakini jambo moja wengi wetu hawalijui: IB inakuruhusu kuchukua fasihi ya lugha yako mwenyewe kwa kujisomea, hata kama shule haina mwalimu wake. Nilichukua Kiswahili. Vitabu vibebe kutoka nyumbani Agosti, maana posta ya kuvifuata Januari itakuchelewesha. Nami nilikuwa nakaa kwenye ngazi za nyumba yetu, blanketi magotini, nje theluji inaanguka bila sauti, nasoma kwa sauti mashairi yenye mizani na vina, na mwenzangu wa Greenland anayepita kuelekea bafuni anasimama kusikiliza. Hakuelewa neno. Alisema inafanana na kupiga kasia.

Simu za nyumbani ziwekee siku na saa. Wakati wa baridi Tanga iko mbele kwa saa mbili, wakibadilisha saa mwisho wa Machi inabaki moja. Usipige usiku wa manane ukiwa umechoka. Piga mchana, ukiwa nje, umeshika kamba ya mbwa kama unaye (kamera ielekeze juu), uwaonyeshe milima. Wakikuona unatembea watalala.

Ukiondoka, usirudi na nguo nzito, utalipia mzigo kwa kitu ambacho Tanga hutakivaa. Gawa. Buti zangu namba 39, za kahawia, kamba ya kulia nimeunga fundo, nilimwachia binti wa mwaka wa kwanza, naye mwaka wake wa kumaliza ni Mei 2026. Ukiingia Agosti na mguu wako ni huo, ziulizie stoo. Brodder zimo ndani ya kiatu cha kushoto.